Kusimama kwa kichwa: mabega kwanza, miguu baadaye

Kuna dada ameniandikia, anataka ajue kusimama kwa kichwa kabla wiki haijaisha maana wenzake wa darasa la yoga wote wanapanda, kabaki yeye. Mdogo wangu, nakuelewa kabisa. Na mimi nilibaki, mpaka mwalimu wetu akachoka kunisubiri, akanishika miguu akaninyanyua. Uzito wote ukashukia utosini. Shingo ilikaza, mtu akiniita nyuma nageuka mwili mzima. Pole sikupewa, na hadi leo inaniuma.

Nilianza upya nyumbani, pembeni ya ukuta. Sasa napanda katikati ya chumba na kushuka taratibu vilevile. Najivunia.

Kazi yote iko kwenye vigasha, yaani mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Kunja mkeka, piga magoti, weka viwiko upana wa mabega, pishanisha vidole, utosi uguse mkeka na kisogo kiegemee viganja. Sukuma sakafu kwa vigasha mpaka mabega yaachane na masikio. Nyanyua magoti, tembeza miguu kuja usoni mpaka nyonga ziwe juu ya mabega. Ishia hapo kwanza! Ukiweza kuinua kichwa kidogo kutoka chini ukiwa hivyo, mabega yameiva. Huwezi? Rudia kesho. Kurusha miguu ni marufuku.

Shingo ina pingili 7 zilizozoea kubeba kichwa, siyo mwili mzima. Ukiwa juu usiigeuze. Ukianza kuangukia nyuma, achia vidole, kidevu kifuani, jiviringishe. Presha ndani ya jicho hupanda karibu mara mbili kichwa kikiwa chini, kwa hiyo mwenye presha ya macho asijaribu, wala mwenye presha ya kupanda au aliyewahi kuumia shingo. Mjamzito asianze kujifunza wakati huo.

Faida nimeziona: mabega imara, tumbo limekaza, akili inatulia kwa sababu huwezi kuwaza madeni ukiwa kichwa chini. Habari za kuotesha nywele ziacheni, hazina ushahidi. B.K.S. Iyengar, mwalimu maarufu wa yoga wa India, alikaa kichwa chini hata nusu saa akiwa na miaka zaidi ya 90, lakini alianza yoga akiwa kijana na hakuacha.

Kwa hiyo usiwe na haraka, mdogo wangu. Mwalimu akikuharakisha, mkatalie. Na ninyi walimu, acheni kunyanyua miguu ya watu ambao mabega yao hayajawa tayari.