Ile 385, p ya 0.06 na mengine: majibu kwa watafiti wa afya

Napima trakoma (vikope) kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9 wilayani Kongwa, natarajia kukuta asilimia 8. Hesabu imenipa sampuli ya 385, nitachukua watoto 20 kila kitongoji. Wanatosha? – Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma

Hawatoshi. Hiyo 385 inazunguka kwenye maandiko ya utafiti kama sheria, kumbe inatokana na kudhani kiwango ni asilimia 50 na kukubali kukosea kwa pointi 5 juu au chini. Kwa asilimia 8 yako, pointi 5 ni pana mno: kati ya 3 na 13, na kizingiti cha asilimia 5 kinachotumika kuamua kugawa dawa kimo humohumo katikati. Hutajua uko upande gani. Weka pointi 2.5 (n ni idadi ya watoto, 1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95):

n = 1.96² × 0.08 × 0.92 ÷ 0.025² = 453

Bado. Watoto wa kitongoji kimoja wanaambukizana, hivyo mtoto wa ishirini anakuongezea habari kidogo tu. Zidisha kwa 1 + (m − 1) × r. M ni watoto kwa kitongoji, r ni kiasi wanavyofanana. Tuseme r ni 0.05 (itafute kwenye tafiti za kanda ya kati, usiibuni): 1 + 19 × 0.05 = 1.95, unapata 884. Gawa kwa 0.9 kufidia asilimia 10 watakaokosekana: 983, yaani vitongoji 50. Ukichukua watoto 10 kila kitongoji wanatosha 730, ila vitongoji vinakuwa 73, na mafuta ya gari yanapanda. Ukienda Januari, mchana kaya nyingi ziko shambani. Asilimia 10 huenda isitoshe.

Na uhesabu watoto, si macho. Macho mawili ya mtoto mmoja si watu wawili.

Wastani wa umri wa watoto wetu 300 wa chini ya miaka mitano ni miezi 36.9. Tulitarajia kama 30. – Mkusanya takwimu, Bahi

Tazama umri mkubwa kuliko wote. Ukikuta 99, ni ile alama ya "hajui", inayojazwa umri usipojulikana. Watoto 30 wenye 99 wanatosha kabisa kuusogeza wastani kutoka 30 hadi 36.9. Hizo 99 zifanye nafasi tupu kabla ya hesabu yoyote.

Ushauri wa kupunguza chumvi umeshusha namba ya juu ya presha kwa milimita 6 za zebaki, p = 0.06. Niandike haukusaidia? – Nesi, Manyoni

Hapana. P ni uwezekano wa kupata tofauti kama hii au zaidi kwa bahati tu, iwapo ushauri hausaidii; 0.05 ni mpaka wa mazoea. Andika 6 pamoja na mipaka yake ya asilimia 95, mfano −0.3 hadi 12.3. Msomaji ataona kwamba huenda faida ni kubwa, huenda haipo. Wagonjwa walikuwa wachache. Usiongeze wagonjwa kumi na tano sasa ili p ishuke. Ukichungulia matokeo ndipo uamue kuendelea, ile 0.05 haina maana tena.

Wajawazito wasiotumia vidonge vya madini chuma, 60 kati ya 100 wana upungufu wa damu. Wanaotumia, 40 kati ya 100. Programu imetoa 2.25. Ni mara mbili na robo? – Mganga, Mpwapwa

Ni mara moja na nusu: 60 ÷ 40. Hiyo 2.25 ni uwiano wa odi (odi ni wenye tatizo kugawa kwa wasio nalo), (60 ÷ 40) ÷ (40 ÷ 60). Tatizo likiwa nadra namba hizi mbili hukaribiana; likiwa la kawaida kama hili, odi hukuza mambo. Kwa utafiti wa kupima mara moja, tumia rigresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, njia ya hesabu inayotoa uwiano wa viwango wenyewe. Odi ziache kwa utafiti unaolinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, kwani huko idadi ya kila kundi umeipanga mwenyewe na kiwango halisi hakipatikani.