Mkuu, hiyo chupa ya oili chafu irudishe gereji

Mkuu, umeuliza chakula gani kinang'arisha manyoya, shampuu ipi inamfaa mtoto wa mbwa wa miezi minne anayenyonyoka kuzunguka macho, na kama oili chafu, ile iliyokwisha tumika kwenye injini, apakwe asubuhi au jioni. Usimpake asubuhi, usimpake jioni. Usimpake kabisa.

Na wewe uliyemjibu kwamba mbwa wa kwenu walipakwa wakapona, sikatai. Utitiri wa ukurutu, vijidudu vidogo mno vya ngozini, hupumua kupitia ngozi yake, ukiufunika kwa oili nzito mwingine unakufa. Ila mbwa wako aliponea chupuchupu, na sasa unamfundisha mwenzako kucheza kamari ileile.

Nilikuwa na jike chotara wa German Shepherd, umri huohuo, kipara kama hicho: duara kuzunguka macho, kisha mabaka miguu ya mbele. Hakuwa anajikuna. Muuza duka la dawa za mifugo, kavaa koti jeupe kabisa, alitazama picha kwenye simu yangu tu. Hakuuliza umri, hakuuliza kama anajikuna. "Ukurutu huo, paka oili chafu siku tatu." Mtu amesimama mbele ya ukuta mzima wa dawa, unamwamini. Nikapaka.

Oili iliyotoka kwenye injini ina masizi, mabaki ya petroli au dizeli na chembe za vyuma vilivyosagika. Kwenye ngozi isiyo na manyoya inaunguza. Na mbwa anajilamba, utamzuia saa ngapi? Usiku huo akaanza kutapika. Asubuhi tumbo limekuwa jekundu, hataki hata maziwa. Nikampigia yuleyule muuza duka, akasema nimsugue kwa mafuta ya taa ili oili itoke. Mafuta ya taa kwenye ngozi iliyokwisha kuungua! Mpaka leo nikipita mtaa ule damu inanichemka, maana kesho yake bado alikuwa anauza, na bado anawashauri watu.

Nilipofika kwa daktari wa mifugo mbwa alikuwa anahema kwa shida. Wakati anatapika, oili ilikuwa imeingia mapafuni. Hakumaliza siku.

Sasa sikia kilichoniuma kuliko yote. Daktari alikwangua ngozi kwa wembe butu mpaka damu kidogo ikachungulia, akaweka kwenye kioo, akaniita nitazame kwenye hadubini. Vijidudu virefu vyembamba. Demodeksi, aina ya utitiri. Mbwa karibu wote wanao, mtoto huupata kwa mama yake anaponyonya siku za mwanzo. Kinga ikiwa bado changa unazidi, manyoya yanadondoka sehemu sehemu, bila kuwasha. Hauambukizi watu. Na mtoto mwenye mabaka machache tu, mara nyingi hupona mwenyewe kadiri anavyokua. Yaani mbwa wangu huenda hakuhitaji kupakwa kitu chochote.

Ndiyo maana nasema: kabla ya dawa yoyote, ngozi ikwanguliwe. Vipara vinafanana, visababishi havifanani. Angekuwa anajikuna usiku kucha, masikio na viwiko vimeota magaga, ningehisi sakoptesi, utitiri wa aina nyingine, ule unaohamia hata kwa watoto wa nyumbani wakaanza kuwashwa. Huo ni mjanja, unaweza kukwangua usiuone, na daktari mzoefu huutibu kwa dalili. Kipara cha mviringo chenye magamba kinaweza kuwa choa. Choa ni kuvu, dawa ya utitiri haikigusi. Wewe kwa macho yako utajuaje? Yule wa koti jeupe je?

Na usikimbilie ile ivermektini ya ng'ombe, dawa ya sindano ya minyoo na utitiri. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Mtoto wa kilo tatu ukimchoma mililita moja "kwa makisio", umempa zaidi ya miligramu 3 kwa kila kilo, wakati kipimo cha utitiri kwa mbwa hakifiki hata miligramu 1 kwa kilo. Mbwa wengi wa aina ya Collie, na baadhi ya German Shepherd, wana kasoro ya jeni inayoiachia dawa hiyo ipenye ubongoni. Mbwa wako ana damu ya nani, unajua?

Kama wakati unasoma hapa umeshampaka, mwogeshe sasa hivi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, rudia mpaka utelezi uishe. Usitumie petroli wala mafuta ya taa. Usimtapishe. Mfunge kola ya plastiki shingoni asijilambe, kisha mpeleke kwa daktari leo, na ukifika umwambie waziwazi ni oili ya injini. Wengi huona aibu wanasema "mafuta tu", daktari anaanza kutafuta ugonjwa mwingine.