Iron Maiden na Wamarekani: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Huku sote wazima, mama yako anakusalimu. Umeniandikia kwamba wenzako wa kazini walikupeleka kuwaona Iron Maiden, ile bendi ya roki nzito, ukakuta watu wenye mvi wamesimama na watoto wao, wote wanaimba. Unauliza: Wamarekani waliwapenda Waingereza hawa siku zote?

Hapana. Waliwapenda sana, wakawaacha, kisha wakawarudia. Ule mwanzo niliushuhudia, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Steve Harris, mpiga besi, aliianzisha bendi mashariki mwa London, Krismasi ya 1975. Walipofika Marekani mwaka 1981 walikuwa wanaitangulia jukwaani bendi nyingine, Judas Priest, saa ambayo watu bado wanatafuta viti. Mwaka uliofuata wakatoa albamu ya The Number of the Beast. Jina hilo liliwakasirisha Wakristo wengi, wengine wakachoma santuri zao hadharani. Moto ule uliwatangaza kuliko tangazo lolote. Oktoba 1983 waliujaza ukumbi wa Madison Square Garden, New York, safari hii wao ndio wenye shughuli.

Redioni ulikuwa huwasikii. Wimbo wao mmoja wa 1984 unapita dakika 13. Mtangazaji gani angeuweka? Walichofanya ni kuwafuata watu walipo, mji kwa mji. Ziara ya albamu yao ya Powerslave ilianza Agosti 1984 ikaisha Julai 1985, na sehemu kubwa yake ilikuwa huko huko Marekani. Machi 1985 walipiga Long Beach, California, usiku nne mfululizo. Mimi nilikuwa mwanafunzi jirani na hapo, na fundi magari mmoja niliyepanga naye chumba akaninunulia tiketi. Karibu na mwisho, Eddie, lile zimwi lao, akainuka nyuma ya ngoma, mkubwa kama nyumba, amefungwa sanda kama maiti wa Misri. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka siku mbili. Usiku zile walizirekodi, ndizo utakazosikia zaidi kwenye albamu yao ya Live After Death.

Halafu ikaja miaka ya tisini. Vijana wakahamia kwa bendi za Seattle. Mwaka 1993 mwimbaji Bruce Dickinson akaondoka, na albamu ya 1995, akiimba Blaze Bayley badala yake, ikaishia nafasi ya 147 kwenye chati ya albamu ya Marekani. Waliozoea viwanja wakapiga kwenye kumbi ndogo na vilabu. Iliniuma. Lakini waliendelea kwenda, na hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi kwao.

Dickinson alirudi mwaka 1999 pamoja na mpiga gitaa Adrian Smith. Kiangazi cha 2000 wakaijaza tena Madison Square Garden. Mwaka 2021 albamu yao ya Senjutsu ikashika nafasi ya 3 Marekani, juu kuliko walivyowahi kufika ujanani. Kweli, siku hizi albamu hazinunuliwi kama zamani, na nafasi hizo hupatikana kwa mauzo madogo zaidi. Ila wale wenye mvi uliowaona hawakuhesabiwa na chati. Walikata tiketi, wakamkatia na mtoto.

Fulana yangu ya Long Beach ipo, kwenye sanduku la bibi yako. Nitampa mjomba wako akija huko Desemba. Usiitie kwenye mashine; ifue kwa mkono, uianike kivulini.

Baba yako