Jibu: Michezo ya kambi ya watoto likizo ya Juni

Dada, umeomba michezo ya kambi kwa watoto wa miaka 7 hadi 12, isiyo na gharama. Mimi ningeanza na rede. Unahitaji mpira wa soksi kuukuu, chupa ya plastiki na mchanga, basi. Warushaji wawili wanasimama pande mbili, wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira, akipigwa, anatoka. Wavulana nao waingie, wakishazoea hawataki kutoka.

Asubuhi kabla ya jua kali, tengenezeni tiara. Njiti mbili za chelewa zifungwe msalaba kwa uzi, gazeti libandikwe kwa ugali laini, halafu mkia wa vitambaa. Tiara ikizungukazunguka na kuanguka, mara nyingi mkia ni mfupi. Usimwambie mtoto haraka, mwache ajaribu mwenyewe. Ubunifu uko hapo, kuliko kupaka rangi picha zilizochorwa tayari. Ila warushie mbali na nyaya za umeme, tafadhali sana.

Mchana kivulini, mdako (ule wa kurusha na kudaka vijiwe) na vitendawili. Jioni kombolela, lakini weka mipaka ya maficho na uwahesabu watoto kabla na baada.