Atomu zinapeana, zinagawana au zinachangia elektroni?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa sekondari: "Kwenye noti zangu nimeandika sodiamu na klorini zinapeana elektroni, mwenzangu kaandika zinagawana, na wa tatu ana zinachangia. Ni kitu kimoja au kuna iliyo sahihi? Halafu ni sodiamu anatoa au inatoa?"

Sio kitu kimoja kabisa, na kwa sodiamu na klorini hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayokaa vizuri.

Tuanze na kupeana. Watu wawili wakipeana namba za simu maana yake we umenipa yako na mi nimekupa yangu, kila mtu kaondoka na kitu, hiyo ndo kazi ya hiyo -an- ya mwishoni, kitendo kinaenda na kinarudi, kama kupigana na kusalimiana. Sasa iangalie sodiamu, ina elektroni 11 zilizopangwa 2, 8, 1, na klorini ina 17 zilizopangwa 2, 8, 7, yaani imepungukiwa moja tu mzingo wa nje utimie nane. Sodiamu inaiachia ile moja ya nje inabaki na 2, 8, klorini inaidaka inakuwa 2, 8, 8. Klorini nayo imeipa sodiamu nini? Hamna. Kwa hiyo sodiamu inatoa, klorini inapokea, basi. (Najua Kenya wengi wanasema "amepeana kitabu" wakimaanisha amekitoa, na kwenye mazungumzo mnaelewana bila shida, ila kwenye jibu la kemia hiyo -an- inamfanya msomaji aone elektroni zinakwenda huku na huku.)

Ila -an- ina nafasi yake hapo hapo, na wengi wanaipita. Sodiamu ikishatoa elektroni inakuwa ioni yenye chaji chanya, klorini inakuwa ioni yenye chaji hasi (inaitwa kloraidi), na sasa zinavutana. Hapo -an- imekaa kwake, kila moja inaivuta nyenzake. Na bondi ya ioni ni huko kuvutana, sio ule utoaji, utoaji umetengeneza ioni tu. Tena hazivutani mbili mbili kama wachumba: ndani ya punje ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za kloraidi, na kila ya kloraidi imezungukwa na 6 za sodiamu, ndo maana "molekuli ya chumvi" ni kosa hata kama sentensi yenyewe haina kosa la sarufi, na ndo maana chumvi kavu ukiipasha moto haiyeyuki kuwa kimiminika mpaka joto lifike nyuzi 801 za Selsiasi.

Kugawana ndo neno linaloniudhi zaidi, kwa sababu linatumika sana kwenye bondi ya kovalenti, ile ambayo atomu zinashikanishwa na jozi ya elektroni iliyo katikati yao, na linasema kinyume chake. Mkigawana pesa kila mtu anachukua fungu lake anaondoka, pale katikati hakibaki kitu. Chukua hidrojeni mbili, kila moja ina elektroni moja, zimeungana na katikati kuna jozi ya elektroni mbili. Zikigawana hiyo jozi kila moja itachukua moja, yaani zimerudi kama zilivyokuwa mwanzo na bondi haipo tena! Ukitaka kueleza bondi inavyovunjika kila atomu ikaondoka na elektroni yake, kugawana ni kitenzi kizuri sana. Kwa kuungana hapana.

Kuchangia kuna utamu wake kwa sababu kuna maana mbili. Kuna kuchangia pesa, yaani kila mtu analeta kidogo, na kuna kuchangia kule kwenye matangazo ya afya, msichangie wembe, msichangie sindano, yaani kitu kimoja kinatumiwa na zaidi ya mmoja. Kwenye molekuli ya klorini maana zote mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja, kila atomu imeleta elektroni moja na jozi inatumiwa na zote, kila moja inaihesabu kwenye nane zake. Lakini njoo kwenye amonia. Nitrojeni yake ina jozi ambayo haijatumika, inakuja ioni ya hidrojeni haina elektroni hata moja, na bado zinaungana, tunapata ioni ya amoniamu yenye hidrojeni nne. Hidrojeni hapo imechangia nini? Maana ya mchango imekufa, maana ya wembe imebaki. Mi ndo maana napendelea kuandika "zinatumia jozi ya elektroni kwa pamoja", ni ndefu kidogo ila haidanganyi popote. Neno kovalenti lenyewe, alilolileta mkemia Irving Langmuir mwaka 1919, hiyo "ko" ya mbele ni ya Kilatini na maana yake ni pamoja.

Pamoja lakini, sio sawasawa. Kwenye maji oksijeni inavuta elektroni kwa nguvu zaidi, kwenye kipimo cha Pauling, kinachopima nguvu ya atomu kuvuta elektroni za bondi, ina 3.44 na hidrojeni 2.20, kwa hiyo jozi inaelemea upande wa oksijeni, ukiandika "zinachangia sawa" hapo umeshakosea.

La anatoa au inatoa: sodiamu, atomu, elektroni, ioni zote ziko ngeli ya i-/zi-, kwa hiyo sodiamu inatoa, atomu zinatoa. Darasani watu wanasema "sodiamu anatoa, klorini anapokea" kana kwamba ni majirani, na inasaidia kukumbuka, mi mwenyewe nikieleza kwa mdomo inanitoka. Kwenye karatasi ya mtihani andika inatoa.