Nilipouweka ukurasa wangu kando ya wa Shaaban Robert

Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia hadithi yangu fupi ikiwa na maneno manne tu juu yake, kwa kalamu nyekundu: "Unaandika kama Shaaban Robert." Nilifurahi mno. Mimi ni mtu wa Tanga, na mzee huyo alizaliwa kwetu, Vibambani, mwaka 1909. Nikampigia mhariri simu kumshukuru. Akaniambia kwa upole kwamba hakuwa akinisifu. Hadithi ilikuwa ya kijana wa bodaboda, na kijana huyo alizungumza na abiria wake kama anayehutubia baraza la wazee. "Vazi ni zuri," akasema, "ila si lako, na huyo kijana limempwaya."

Neno hilo liliniuma wiki nzima. Lakini ndilo lililonifanya nianze kujilinganisha na waandishi wakubwa kwa utaratibu, na kazi hiyo imenifaa kuliko ushauri mwingine wowote niliowahi kupewa. Nawaandikia ninyi mnaoandika hadithi usiku baada ya kazi, kwa kuwa najua mmeshajiuliza swali hili: mimi naandika kama nani?

Kwanza nilifanya wanavyofanya wengi. Kwenye intaneti zipo programu za Kiingereza ambazo unabandika aya zako, unabonyeza, na unatajiwa mwandishi maarufu unayefanana naye. Nikabandika barua yangu ya kazini, nikatajiwa jina kubwa. Nikabandika nusu ya pili ya barua ileile, nikatajiwa jina jingine. Mwisho nikabandika hadithi yangu ya Kiswahili, na programu ikanipa mwandishi wa Kiingereza bila kusita. Hapo nikaielewa: ina orodha yake ya waandishi, na chochote utakachoitupia lazima ikitafutie wa kukaribiana naye ndani ya orodha hiyo. Haina namna ya kusema sijui. Kwa hiyo ukitajiwa jina na programu, usilibebe moyoni, liwe la kukupandisha au la kukushusha.

Hata hivyo kulinganisha mitindo yenyewe ni elimu ya kweli. Mwaka 2013 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilishuku kwamba riwaya ya upelelezi iliyotoka kwa jina la Robert Galbraith ilikuwa kazi ya J.K. Rowling. Mtaalamu wa Marekani, Patrick Juola, akailinganisha kwa kompyuta na kazi ya Rowling na za waandishi wengine wachache. Hakuhangaika na tamathali za semi. Aliangalia mambo kama urefu wa maneno na yale maneno 100 yanayojirudia zaidi, vineno vidogovidogo, wenzao wa na, kwa, ya na lakini za kwetu. Matokeo yakaelekea kwa Rowling, naye akakiri. Ukifikiri utaona kwa nini njia hiyo inafaa. Methali unaichagua kwa makusudi, lakini "ila" badala ya "lakini" huichagui. Mkono unajichagulia wenyewe.

Basi nikasema na mimi nitahesabu. Nikachukua daftari, penseli, kurasa mbili za hadithi yangu na kurasa mbili za Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuhesabu maneno ya kila sentensi. Kiswahili hakipimiki hivyo. "Hatukumwambia" ni neno moja, na ndani yake tupo sisi, yupo yeye, kuna kukana, kuna wakati uliopita, na kuna hilo jambo lisilosemwa. Sentensi ya maneno matatu inaweza kuwa nzito kuliko ya kumi. Nikaacha hesabu hiyo, nikasoma kwa sauti, na kila nilipolazimika kuvuta pumzi nikachora kistari kwa penseli.

Hapo tofauti ikajitokeza. Shaaban Robert ni mshairi hata anapoandika nathari. Pumzi zake zinakuja mbilimbili, jambo na jozi yake, mithili ya vipande vya ubeti, na unaweza kwenda naye mbali bila kuchoka. Sentensi zangu zilikuwa ndefu vilevile, lakini pumzi ilinikatikia ovyo, mara nyingine kati ya kitu na sifa yake. Nilikuwa nimechukua urefu wake nikaacha mizani. Tena yeye alikuwa na sababu: Karama, mhusika mkuu wa Kusadikika, anajitetea mbele ya mfalme, katika nchi inayoelea angani, na mahali kama hapo hotuba ndiyo mazungumzo. Kijana wangu alikuwa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga mjini, kwenye jua la saa saba, anasubiri abiria.

Kisha nikahesabu vineno, na hapa ndipo ningependa ukae hata ukiyapuuza mengine yote. Katika kurasa zangu mbili "ambaye" na jamaa zake walikuwa 14. "Hata hivyo" zilikuwa tisa. Sentensi moja ilikuwa hivi:

"Mzee Salehe, ambaye alikuwa ni mtu ambaye alipenda sana utulivu, alikuwa ameketi chini ya mwembe ambao ulikuwa umepandwa na baba yake."

Niliitazama kwa muda mrefu. Hakuna mtu wa kwetu anayesema hivyo. Mchana kutwa natafsiri taarifa za ofisi kutoka Kiingereza, na usiku mkono ulikuwa unaendelea kutafsiri pasipo na cha kutafsiriwa. Mhariri alidhani ni Shaaban Robert kwa sababu ya ule uzito na yale maneno ya heshima, lakini chini yake palikuwa na taarifa ya robo mwaka. Sentensi hiyo sasa inasomeka: "Mzee Salehe alikuwa kimya chini ya mwembe alioupanda babake." Lugha yetu imetupa njia ya kumfunga mtu na tendo lake ndani ya kitenzi kimoja, alioupanda, aliyenipenda, wasioonana. Simaanishi "ambaye" ifutwe kila mahali. Mara nyingine inahitajika ili maana isichanganyike. Naomba tu ujue umeiweka mara ngapi na kwa nini.

Baada ya hapo nikatazama -li- na -ka-. Mimi niliandika: "Aliamka. Alinawa uso. Alifungua mlango. Aliona pikipiki haipo." Kila tendo limesimama peke yake kama jiwe. Nyumbani, mtu akikusimulia habari ya wizi, anaanza na -li- moja kisha anakuvuta: "Aliamka, akanawa uso, akafungua mlango, pikipiki hakuna." Hiyo -ka- ni kamba. Inakuambia kwamba hili limetoka kwa lile, usiondoke. Na ukishaizoea unaona kwamba -li- nayo ina kazi yake: ukitaka msomaji asimame, irudishe. Tangu siku hiyo nikisoma mwandishi yeyote natia alama mahali anapoikata kamba, na karibu kila mara nakuta hapo pana jambo.

Neno juu ya kuchagua wa kujilinganisha naye: chagua kitabu, usichague jina. Euphrase Kezilahabi wa Rosa Mistika, mwaka 1971, anasimulia kwa lugha nyepesi maisha ya msichana wa Ukerewe, na hata anayesoma riwaya kwa mara ya kwanza anamfuata. Kezilahabi wa Nagona, mwaka 1990, anakuingiza kwenye njozi na falsafa, na kitabu chenyewe ni chembamba lakini kinadai usomwe mara ya pili na ya tatu. Ni mtu yuleyule. Kwa hiyo anayesema "naandika kama Kezilahabi" bado hajatuambia kitu.

Kwa mazungumzo ya wahusika nilikwenda kwa Adam Shafi. Hata jina la riwaya yake, Vuta N'kuvute, limeandikwa jinsi mdomo unavyolitamka, ile "ni" ikiwa imemezwa. Nilinakili kurasa zake chache kwa mkono. Nakushauri ufanye hivyo na mwandishi unayempenda, kwa sababu kunakili kunafundisha kuliko kusoma: mkono wako unataka kuweka neno lako, na unakuta mwenye kitabu ameweka jingine. Mwanya huo kati ya neno lako na lake ndio mtindo, wake na wako, umeuona kwa macho. Nilipomrudia kijana wangu wa bodaboda, nilikuta nimemfanya aseme, "Nauli ya kufika huko, mama yangu, haipungui shilingi elfu mbili, kwa kuwa njia ni mbaya na mafuta yamepanda bei." Sasa anasema, "Elfu mbili, mama. Njia si unaijua?"

Ukifanya zoezi hili usitumie ukurasa wa kwanza wa hadithi yako. Huo umeusafisha mara ishirini, kila mtu husafisha wa kwanza. Chukua wa katikati, ulioandika ukiwa umechoka.

Mwisho nilitaka jicho la mtu mwingine. Nikachapa kurasa nne bila majina, tatu za waandishi wa vitabu na mmoja wangu, nikampa mdogo wangu ambaye si msomaji wa riwaya. Alizisoma jikoni huku anasubiri wali uive. Akautenga mmoja.

"Huu wako, dada."

Nikamuuliza amejuaje. Nilitegemea aniambie habari za Ngamiani, au pikipiki. Akaweka kidole pale mama wa yule kijana anapoulizwa mumewe yuko wapi, naye anajibu kwa kuuliza kama chai imekolea sukari.

"Hapa umefanya kama bibi," akasema.

Ni kweli, bibi yetu alikuwa hivyo. Jambo likimuuma alikuuliza habari ya chakula. Sikuwahi kujua kwamba nimelichukua hilo, na halimo katika kitabu chochote nilichokuwa nimekiweka mezani. Nimerudi kwenye muswada kutafuta mahali pengine nilipofanya vile. Nimepata matatu. Moja nilikuwa nimelikata kwa penseli nikidhani halina kazi, nami nimelirudisha.