Linatumika na wageni, au linatumiwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea usanifu majengo, na tasnifu yangu inahusu nyumba za mawe za kwetu Lamu. Msimamizi amepigia mstari sentensi hii: "Nyumba ambazo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe zina daka ambalo linatumika na wageni ambao hawajakaribishwa ndani ambapo ni sehemu ya faragha." (Daka ni kibaraza cha mlangoni.) Sioni kosa. Tena, vile vishubaka vya ukutani niviandike zidaka au vidaka?

JIBU: Marahaba. Kosa la wazi ni "linatumika na wageni". Kitenzi cha -ik- hueleza hali ya kitu, hakina nafasi ya mtendaji. Ukimtaja mtendaji kwa "na", sema "linatumiwa". Boriti zikikatika, dari iko hatarini. Zikikatwa na mafundi, kazi inaendelea. Vivyo hivyo Mji wa Kale wa Lamu ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2001, wala si "ulitambulika na UNESCO", kosa ninalokutana nalo hata magazetini. Kompyuta haitakuonya, maana tahajia zote mbili ni sahihi.

Amba- si kosa, ila umeirundika. "Ambazo zilijengwa" iwe "zilizojengwa". Lakini "ambao hawajakaribishwa" usiiguse! Wakati wa -ja- haupokei kirejeshi ndani ya kitenzi, na ukiandika "wasiokaribishwa" utakuwa umewafukuza wageni kabisa, ilhali wanangoja tu kuitwa. "Ambapo" nayo haina kazi pale, iondoe. Mimi ningeandika:

"Nyumba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe zina daka. Hapo hupokelewa wageni ambao hawajakaribishwa ndani, kwenye faragha ya wenyeji."

Zidaka ni neno la Kiamu, lahaja ya Lamu, na wasanifu wengi wanaoandika kuhusu nyumba hizi hulitumia hivyo hivyo. Libakize, ulieleze mara moja linapotokea: vishubaka vya ukutani vilivyopambwa kwa chokaa. Upatanisho ushike uzi mmoja: "zidaka hizi zimepangwa", si "zidaka hivi vimepangwa". Kikiwa kimoja, ni kidaka hiki.

Unapohariri, usitafute makosa yote kwa mpigo. Pitia sura nzima ukikagua vitenzi vya -ik- na -ek- pekee, ukitazama kama vimefuatwa na "na" ya mtendaji. Kisha rudi kwa ajili ya amba-. Upatanisho wa ngeli uwe wa mwisho, tena kwa sauti, maana sikio la Mwamu hunasa "daka hii" kabla jicho halijaiona.